Pima Dirisha Vizuri Kabla ya Kununua Pazia na Wavu

Katika miji ya Kericho, Litein na Bomet, wapangaji wengi wakihamia nyumba mpya jambo la kwanza wanalofikiria ni pazia. Huenda dukani bila vipimo, wakachagua rangi, wakakata mita tatu au nne kwa kukisia, kisha wakirudi nyumbani wakakuta pazia linaning'inia katikati ya dirisha kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla. Mimi mwenyewe nimefanya kosa hilo, na pazia lile likaishia kuwa kitambaa cha kufunikia viti.

Lakini hasara ya kitambaa ni ndogo. Dirisha lisilopimwa vizuri haliwezi kuwekwa wavu wa kuzuia mbu, na katika nchi hii ya chai jambo hilo ni la afya.

Wengi hudhani mahali penye baridi, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hapana malaria. Sivyo. Mashamba ya chai ya Kericho yalikumbwa na mlipuko wa malaria katika miaka ya 1940, na ugonjwa ukarudi kwa nguvu katika miaka ya 1980 na 1990. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, nyanda za juu za magharibi mwa Kenya ziliona wagonjwa wengi mno. Wizara ya Afya huihesabu sehemu hii kuwa yenye hatari ya milipuko. Ubaya wake ni kwamba mtu wa hapa haumwi malaria mara kwa mara, kwa hivyo mwili wake haujazoea kupambana nayo. Mlipuko ukija, haumlemei mtoto peke yake. Hata baba mwenye nguvu zake hulala kitandani.

Mbu aenezaye malaria hupenda kuuma usiku, hasa kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, na wengi huuma watu wakiwa ndani ya nyumba. Mwaka 1900, madaktari Luigi Sambon na George Low walikaa msimu mzima wa malaria katika kibanda chenye nyavu madirishani karibu na Ostia, Italia, mahali palipojulikana kwa homa hiyo. Kila jioni waliingia ndani kabla jua halijatua. Hawakuugua. Hivi karibuni zaidi, utafiti wa Gambia uliochapishwa 2009 ulionyesha kuwa miongoni mwa watoto walioishi katika nyumba zilizowekewa nyavu, wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 12, ilhali katika nyumba zisizo na nyavu walikuwa asilimia 19.

Sasa tuchukue tepu ya kupimia. Tumia ya chuma. Ile ya fundi cherehani hulegea ikizeeka. Pima upana wa dirisha mara tatu: juu, katikati na chini. Pima na urefu mara tatu. Usishangae vipimo vikitofautiana kwa sentimita moja au mbili, kwani kuta nyingi hazikunyooka. Kwa pazia, shika kipimo kikubwa. Kwa fremu ya wavu inayoingia ndani ya tundu la dirisha, shika kidogo, kisha upunguze milimita tatu kila upande ili isikwame mbao zikivimba wakati wa mvua.

Tuseme dirisha lako ni sentimita 120 kwa 120. Fimbo ya pazia iwe na sentimita 15 zaidi kila upande, yaani 150 kwa jumla, ili pazia likifunguliwa lisizibe kioo. Mwanga na hewa ni dawa ya unyevu, na chumba chenye unyevu huota ukungu unaowasumbua wenye pumu. Kitambaa kiwe mara mbili ya fimbo, kwa hivyo sentimita 300. Kikiwa na upana wa 150, utahitaji vipande viwili.

Urefu nao: sentimita 12 kutoka kwenye fimbo hadi juu ya dirisha, 120 za dirisha lenyewe, na 15 kwenda chini yake. Hizo ni 147. Ongeza 8 za kukunja juu na 10 za pindo la chini, upate 165. Pamba hurudi ikifuliwa, basi weka 8 nyingine. Vipande viwili vya 173 ni sentimita 346. Nunua mita tatu na nusu. Pazia la kufika sakafuni ni zuri kwa macho, lakini kwenye sakafu inayopigwa deki kila asubuhi hunyonya maji na kunuka. Jikoni weka fupi, mbali na jiko.

Tukija kwenye wavu, usikubali kuuziwa wavu wa kuku. Matundu yasizidi milimita moja na nusu. Madirisha mengi ya chuma hufunguka nje, kwa hivyo wavu hukaa ndani. Mwambie seremala atengeneze fremu ya mbao yenye bawaba, ili uweze kuufikia mkono wa dirisha. Uliza upana wa roli kwanza: ikiwa ni sentimita 120, kipande kimoja hakitoshi, maana unahitaji sentimita tano za ziada kila upande za kupigilia misumari. Weka ubao wa katikati, ukate vipande viwili vya 70 kwa 130. Hapo utanunua mita 2.6, na mabaki ya upana wa 50 yatafaa kwa matundu ya hewa na upenyo kati ya ukuta na paa. Upenyo huo usiusahau. Mbu wengi hupita huko wala hawajali dirisha lako.

Faida nyingine ya wavu ni kwamba unaweza kuacha dirisha wazi kidogo usiku. Kwa ajili ya baridi, wako wanaoingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga dirisha na kushusha pazia zito. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala asiamke. Jiko litoke nje kabla ya kulala, hata kama kuna wavu. Usiku wa Kericho ni wa blanketi mbili.

Wavu wa dirisha hauchukui nafasi ya chandarua chenye dawa, na mtu akishikwa na homa apelekwe kupimwa damu siku hiyo hiyo. Kabla ya mvua za Machi kuanza, pitisha kidole kwenye kingo zote za wavu. Palipolegea pigilia upya, na tundu lolote lishone kwa uzi wa nailoni.