Dondoo muhimu: Chunga ulimi, nyumbani na msibani

Anza na salamu. Huku Bukoba na Muleba, kumpita mzee kimya kimya njiani ni kumdharau. Simama, msalimie, ngoja ajibu ndipo utaje shida yako.

Mtoto akiunguza ndizi, mwambie: "Mwanangu, zimeungua, kesho punguza moto." Usimwite mjinga. Hili nalisisitiza kuliko yote: ndizi zitapikwa nyingine, lakini jina baya humganda mtoto hadi ukubwani. Katika Biblia, Waraka wa Yakobo, sura ya 3, unakemea kinywa kimoja kumsifu Mungu na kuwalaani watu aliowaumba kwa mfano wake.

Msibani, sema machache. Baada ya tetemeko la ardhi lililotupiga huku kwetu Septemba 10, 2016, aliyeangukiwa na nyumba alihitaji kusikia, "Pole sana, nimekuja tusaidiane kuondoa matofali," si kuulizwa ana dhambi gani. Rafiki zake Ayubu wa kwenye Biblia walifanya vyema siku 7 walizokaa naye kimya. Waliharibu walipoanza kufafanua sababu ya mateso yake.

Ukimkosea mtu, taja kosa lenyewe bila kuzungukazunguka. Wana uamsho, yaani Wakristo wa vuguvugu la uamsho la huku Buhaya, walijulikana kwa kutubu hadharani. Ila tubu makosa yako mwenyewe: siri ya jirani usiipeleke kwenye jumuiya ya sala kwa kisingizio cha kumwombea.