Guruneti Shambani: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Askari wa Roma katika karne ya 4 walirusha plumbata, kijimkuki kifupi chenye fundo la madini ya risasi. Vegetius aliandika kwamba kila askari alibeba vitano ndani ya ngao yake. Kilichokosa shabaha kilibaki chuma tu ardhini. Guruneti si hivyo: lililokataa kulipuka siku liliporushwa laweza kulipuka leo mkononi mwa mtoto.

Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, Oktoba 1993, viliacha silaha hizi vilimani na majumbani. Wakulima wa Gitega na Muyinga, nanyi mliorudi kutoka kambi za Tanzania mkafufua mashamba yaliyolala miaka mingi, shikeni haya.

FANYA

1. Simama papo hapo. Jembe likigonga chuma usichokitambua, acha kuchimba.
2. Rudi kwa njia uliyojia, ukikanyaga nyayo zako.
3. Ondoa watu na mifugo, mbali sana. Vipande vya guruneti aina ya F1 vinaweza kuruka hadi mita 200.
4. Weka alama kwenye njia ya kuingilia, kitambaa au matawi, bila kukisogelea chuma.
5. Mwarifu mkuu wa kilima au polisi. Eleza mahali, umbo na ukubwa wake.
6. Wafundishe wachunga mbuzi na watoto wa shule. Mtoto akiokota chuma cha duara, hukifanya mchezo.

USIFANYE

1. Usiguse, hata kwa fimbo. Pini iliyoliwa na kutu haina kazi tena, na fyuzi ikishika huchukua sekunde 3 hadi 4 tu. Hutawahi kukimbia.
2. Usilitupe chooni, mtoni wala kisimani. Utakuwa umemhamishia jirani kifo.
3. Usiwashe moto karibu nalo, uwe wa magugu, wa makaa au wa matofali.
4. Usimuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu. Nyundo yake italilipua.
5. Usilibebe kulipeleka polisi, hata kwa nia njema. Waite wao waje.
6. Usilifiche darini kwa kisingizio cha ulinzi. Ugomvi wa mpaka wa shamba huisha kwa wazee. Guruneti likiingia, familia nzima huangamia. Septemba 2021 lililipuka katika baa mjini Gitega, watu wakafa wakiwa mezani.

Mwaka 2009 serikali iliwataka raia wasalimishe silaha, na sheria haimruhusu raia kumiliki guruneti. Aliye nalo mpaka leo ameiweka hatarini nyumba yake kabla ya adui yeyote.

Mkulima mwenzangu, chuma usichokijua ni cha polisi. Kiache, kawaite.