Kuchagua Picha ya Ubongo kwa Mgonjwa Aliyevuja Damu Kichwani

Ubongo umefunikwa kwa tando tatu. Baina ya utando wa kati, uitwao utando wa buibui, na ule wa ndani kabisa, mna maji maangavu na mishipa mikubwa ya damu. Ukuta wa mshipa mmojawapo ukituna na kupasuka, damu huenea katika maji hayo, na mgonjwa hupatwa ghafla na maumivu makali mno ya kichwa. Mshipa huo waweza kupasuka tena na kuua. Hivyo yapasa ugunduliwe mapema.

Eksirei ya kawaida haifai, kwani fuvu huficha tofauti ndogo iliyopo kati ya damu na ubongo. Tatizo hilo lilitatuliwa na Godfrey Hounsfield wa Uingereza, ambaye mashine yake ya CT ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza mjini London mwaka 1971. Mashine hupitisha mionzi ya eksirei kutoka pande nyingi, kisha kompyuta hukokotoa kiasi cha mionzi kilichozuiwa na kila sehemu. Katika kipimo chake maji ni 0, ubongo takriban 20 hadi 40, na damu mpya iliyoganda takriban 60 hadi 80. Ndiyo sababu damu mpya huonekana nyeupe.

Weupe huo haudumu, maana damu huchanganyika na maji na himoglobini yake huvunjika. CT ikipigwa ndani ya saa 6 na kusomwa na mtaalamu, hugundua karibu wagonjwa wote. Baada ya siku 7 huwakosa karibu nusu. Aidha, mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu, kama uletwao na malaria, huwa na himoglobini kidogo, na damu iliyovuja yaweza kufanana na ubongo.

Chukuliwe mfano wa mvuvi wa Mbamba Bay aliyengoja nyumbani siku 5, ndipo akapandishwa milima ya Umatengo kupitia Mbinga hadi Songea, safari ya zaidi ya kilomita 150. CT bado ni kipimo chake cha kwanza, lakini picha isiyoonyesha damu haimwondolei shaka. Ikiwa picha haionyeshi hatari ya kufanya hivyo, daktari atavuta maji ya uti wa mgongo: kuanzia saa 12 baada ya damu kuvuja, maji hayo hugeuka manjano. MRI, itumiayo sumaku badala ya mionzi, nayo yaweza kuonyesha damu ya siku nyingi. Damu ikithibitika, CT hurudiwa kwa dawa yenye iodini iliyodungwa mshipani, ili mahali palipopasuka paonekane.

Kwa hiyo mhudumu wa zahanati hana budi kuandika katika barua ya rufaa siku na saa maumivu yalipoanza. Bila habari hiyo, picha bora kabisa yaweza kumpotosha daktari.

Zoezi
1. Kwa nini damu ya siku 10 ni vigumu kuonekana kwa CT?
2. Kwa nini maji ya uti wa mgongo yakivutwa saa 2 baada ya maumivu hayatoi jibu la hakika?