Ulimi Ukikataa: Kumlisha Mgonjwa Anayetibiwa Saratani

Sahani ya wali wa nazi ikirudi jikoni kama ilivyokwenda, watu wa nyumbani hudhani mgonjwa anadeka au amekata tamaa. Huko ni kumdhulumu. Dawa za saratani hushambulia seli zinazozaliana upesi, bila kuchagua. Seli za ladha ulimini, ambazo kwa kawaida hujifanya upya kila baada ya siku 10 hivi, nazo huumia. Mionzi ya kichwa na shingo hukausha mate, na pasipo mate ladha hupotea. Nyama huwa na ladha ya chuma, na harufu ya samaki wa kukaanga hutia kichefuchefu. Kwa wengi ladha hurudi wiki au miezi kadhaa baada ya matibabu. Kwa sasa, mapishi ndiyo yabadilike.

Wapo wasemao akilazimishwa atazoea. Mwaka 1978 mtafiti wa Marekani, Ilene Bernstein, alichapisha utafiti kuhusu watoto waliopewa aiskrimu yenye ladha ngeni kabla ya kutiwa dawa za saratani: baadaye waliikwepa kuliko wenzao. Mwili hukilaumu chakula kwa kichefuchefu kilichofuata. Basi chakula akipendacho sana kisiliwe muda mfupi kabla ya dawa, na mgonjwa asishurutishwe akiwa anasikia kutapika. Mpe kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku, na kila tonge liwe na nguvu: bokoboko laini lenye samli, pojo au mbaazi za tui, uji uliopikwa na yai. Samaki apikwe kwa ndimu na aliwe akiwa amepoa, maana harufu yake hupungua. Akisikia ladha ya chuma, mpe kijiko cha mti. Ukwaju na ndimu huamsha mate, lakini akiwa na vidonda mdomoni viepukwe pamoja na pilipili. Kabla ya kula, asukutue kwa maji safi yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, kisha ayateme.

Wengine huogopa kwamba chakula, hasa sukari, hulisha uvimbe. Seli zote hutumia sukari, na mwili ukinyimwa chakula huanza kula misuli yake wenyewe. Mgonjwa aliyedhoofika huenda akapunguziwa dawa au kuahirishiwa matibabu, na hapo saratani ndiyo inayofaidika. Mwenye kisukari afuate maelekezo ya daktari wake. Na Ramadhani ikiingia, ikumbukwe kwamba Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua. Asione haya kuitumia.

Kwa kuwa matibabu mengi humpeleka mgonjwa wa Lamu hadi Mombasa au Nairobi, siku nyingi kati ya dozi na dozi huzipitisha nyumbani. Apimwe uzito kila wiki, na uandikwe. Mwenye kilo 60 akipoteza kilo 3 bila kukusudia ndani ya miezi 6, amekwisha kufikia kiwango cha kuwaarifu wahudumu. Akishindwa kumeza, akitapika hata maji siku nzima, au homa ikifika nyuzi 38, asingoje tarehe ya kliniki. Anayeishi Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, ambako safari ya mashua hutegemea maji kujaa, aanze safari mapema. Familia ikubaliane leo nani atapima uzito, nani atapika, na nani atamsindikiza.