Ubao wa Mawasiliano ni Sauti ya Mtoto, Usifungiwe Kabatini

Mtoto asiyeweza kutamka maneno si mtoto asiye na la kusema. Mtindio wa ubongo huweza kuifanya misuli ya kinywa na ulimi isitii. Usonji na ulemavu wa akili navyo huweza kuchelewesha usemi au kuuzuia kabisa. Hata hivyo, mtoto huyo huhisi kiu, hofu na maumivu kama mwingine yeyote. Asiyeweza kusema "inauma" huchelewa kutibiwa, na asiyeweza kumtaja aliyemdhuru hukosa mtetezi.

Vifaa vyenyewe

Kipo kishikwambi au simu janja yenye programu inayotamka neno mtoto anapogusa picha. Upo pia ubao wa picha zilizochorwa kwenye karatasi ngumu, usiohitaji umeme wala fedha nyingi. Mwaka 1971, katika kituo cha watoto wenye ulemavu jijini Toronto, Kanada, watoto wasiosema walianza kufundishwa kuonyesha alama zilizobuniwa na Charles Bliss, nao wakaweza kujieleza.

Kosa linalojirudia

Kifaa hutumika darasani kwa saa chache, kisha hufungiwa kabatini hadi Jumatatu ili kisiharibike. Nia ni njema, lakini mtoto hurudi nyumbani bila sauti. Lugha hujengwa kwa kutumiwa kutwa: jikoni, kisimani, mnadani na zahanati. Kumpokonya mtoto ubao kama adhabu ni sawa na kumziba mdomo.

Wapo wanaohofu kwamba ubao utamfanya mtoto asijifunze kusema. Tafiti hazikuthibitisha hofu hiyo. Baadhi ya watoto huongeza maneno ya kinywa baada ya kupewa ubao.

Mambo matano ya kufanya

1. Ubao uwe na nakala mbili, moja ya nyumbani na nyingine ya shuleni. Mwenye kishikwambi awe pia na ubao wa karatasi kwa siku ambazo chaji imekwisha.
2. Maneno ya kwanza yawe ya kazi: nataka, sitaki, acha, zaidi, msaada, inauma. Ndipo yafuate maji, ugali, michembe na picha za watu wa nyumbani.
3. Familia inayozungumza Kisukuma iandike maneno ya lugha zote mbili chini ya picha, ili bibi na mwalimu wasome ubao uleule.
4. Mkubwa aonyeshe picha huku akizungumza. Mtoto hujifunza kwa kuona, kisha apewe muda wa kujibu bila kuharakishwa.
5. Mtoto akisema "sitaki" kwa ubao, jibu lake liheshimiwe inapowezekana. Neno lisilosikilizwa huachwa.

Haki kisheria

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, nao unazihesabu njia mbadala kuwa mawasiliano. Sheria ya Mtoto ya mwaka huohuo inatambua haki ya mtoto kutoa maoni. Haki hiyo haina saa za kufunguliwa na kufungwa.

Mzazi au mlezi mwenye mtoto asiyesema asimfiche. Aanzie kwa mwalimu wa elimu maalumu, zahanati, au Afisa Ustawi wa Jamii kupitia ofisi ya Mtendaji wa Kata. Wakati akisubiri huduma, kalamu na karatasi ngumu vyatosha kuanza leo.