SOMO: HASIRA ISIPOTEE NJIA
Kusoma: Ezekieli 18:20, Warumi 12:17-21

Tarehe 28 Januari 2025, M23 ilipokwisha kuingia Goma, waandamanaji wa Kinshasa walishambulia ambasade nyingi, na ile ya Marekani pia. Walilalamika kwamba mataifa makubwa yanaangalia tu damu yetu. Sisi wa Kasongo na Kabambare tunajua vita; kilio hicho tunakielewa.

Lakini chuki haichagui. Tarehe 7 Agosti 1998 adui za Marekani walilipua ambasade zake Nairobi na Dar es Salaam. Watu 224 walikufa. Wamarekani walikuwa 12 tu. Wengi waliobaki ni Waafrika wenzetu.

Basi tukemee matendo ya serikali waziwazi, bila jiwe mkononi. Mtoto asibebeshwe dhambi ya wakubwa wake. Amina.