Tathmini ya moto haifuati kalenda: ninavyoitunza yangu Kilwa Masoko

Ninasimamia nyumba ya wageni yenye mgahawa hapa Kilwa Masoko. Mabanda yetu yameezekwa makuti, jiko liko nyuma, na upepo wa bahari unapita katikati mchana kutwa. Mwenye biashara kama hii akiniuliza aanzie wapi kuhusu usalama wa moto, namwambia achukue tathmini yake ya vihatarishi, azunguke nayo eneo zima, aangalie kama inaieleza biashara aliyonayo leo au ile aliyokuwa nayo ilipoandikwa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde watu wake dhidi ya hatari za kazini, moto ukiwemo. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inalipa Jeshi mamlaka ya kukagua majengo yetu. Wengi huandaa tathmini kwa ajili ya ukaguzi tu, wakishapata cheti wanakitundika mapokezi na kuendelea na shughuli. Cheti kinaeleza hali ya siku ile mkaguzi alipopita. Siku unapomruhusu mfanyabiashara aweke magunia ya ufuta kwenye njia ya kutokea, mkaguzi hayupo.

Kwa hiyo kwangu tathmini hufunguliwa kila kitu kinapobadilika, siku hiyohiyo, kabla ya kitu hicho kuanza kutumika. Ukaguzi wa mwaka upo palepale, lakini si huo unaotulinda.

Chukua suala la gesi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi, na migahawa mingi ya pwani hii inaacha mkaa. Ni jambo jema kwa afya ya wapishi na kwa misitu yetu. Ila tathmini iliyoandikwa wakati wa mkaa inazungumzia cheche, majivu ya moto na jiko lililoachwa bila mtu. Gesi ya mtungi ina tabia nyingine kabisa. Ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka sakafuni, inatambaa hadi kwenye mfereji wa maji machafu na kungoja cheche. Dirisha la juu halisaidii sana hapo. Panatakiwa matundu chini ya ukuta. Mitungi yetu inakaa nje, wima, kivulini, mbali na mfereji. Mpira wa gesi una tarehe yake, na sisi tunaubadilisha kabla haijafika. Chumvi ya bahari inakula regyuleta na maungio haraka, kwa hiyo anayefungua jiko asubuhi hupaka povu la sabuni kwenye viungo na kutazama kama panatoa mapovu. Kiberiti hakitumiki kupimia gesi, hata mara moja. Na kwa kuwa tunakaanga samaki kila siku, tathmini inaeleza mafuta yakishika moto mpishi afanye nini: azime gesi, afunike sufuria kwa mfuniko au blanketi la moto, asimwage maji kamwe.

Makuti nayo hayabaki vilevile mwaka mzima. Baada ya masika yana unyevunyevu. Kusi ikivuma Juni hadi Agosti yanakauka kabisa, na moto ukishika banda moja upepo unarusha vipande vinavyowaka hadi banda la pili. Ikifika Agosti kwenda Oktoba watu wanachoma mashamba kuyaandaa kwa kilimo, na cheche za mbali zinaweza kutua juu ya paa. Fundi wetu wa makuti, mzee wa Kivinje, alinifundisha kuyakunja mkononi. “Mwanangu, yakikatika badala ya kupinda, hayo ni ya kubadilisha,” alisema, na sasa kipimo hicho kimeandikwa kwenye faili. Ukipaka dawa ya kuzuia moto iliyotengenezwa kwa chumvi, kumbuka mvua huiosha. Tarehe ya kupaka upya iwekwe baada ya masika, isiwekwe siku yoyote tu.

Msimu wa ufuta, na baadaye wa korosho, ndio unaobadilisha watu wenyewe. Wafanyabiashara wanajaa, chumba cha mmoja kinalala wawili, magunia yanatafutiwa pa kukaa, simu nyingi zinachajiwa kwenye ekstensheni moja. Umeme ukikatika, mtu anawasha mshumaa au anasogeza dawa ya mbu ya kuchoma karibu na chandarua. Hapo tunahesabu upya vitanda, njia za kutokea na taa za dharura, na wahudumu wa vyumba wanapewa mamlaka ya kuondoa mshumaa bila kuomba ruhusa yangu. Betri za sola na petroli ya jenereta vina ukurasa wao. Kila kimoja kina mahali pake, na hakuna anayejaza mafuta jenereta ikiwa inanguruma.

Vizima moto havinichukulii muda mrefu. Kila mwezi ninaangalia mshale uko kwenye kijani, pini ipo, mpira haujapasuka, na kutu haijaanza kitako. Mtungi wa hewa ya ukaa hauna mshale, unapimwa kwa uzito. Fundi mwenye sifa anavihudumia kila mwaka. Mimi huomba huduma hiyo mapema, nikikumbuka Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara eneo la Somanga na pwani yetu ikatengwa na Dar es Salaam. Kijijini au mjini, dakika za mwanzo za moto ni za waliopo hapohapo.

Ndiyo maana ninaona sehemu muhimu kuliko zote katika faili ni majina. Nani anazima umeme kwenye suichi kubwa, nani anafunga gesi, nani anagonga milango ya vyumba, nani anahesabu wageni wakishakusanyika chini ya mwembe. Mfanyakazi akiacha kazi, jina lake linafutwa jioni hiyohiyo na anayempokea anafanya zoezi la moto kabla ya zamu yake ya kwanza ya usiku. Mlinzi wa usiku anafanya zoezi kwanza kuliko wote, kwa sababu ndiye anayekuwa macho wengine wakilala. Kila badiliko tunaandika tarehe, kilichobadilika, hatua iliyochukuliwa na aliyeichukua. Ninamwonesha mkaguzi daftari hilo kabla ya cheti, na maswali yake hutusaidia.

Wewe mwenye duka, ghala, mgahawa au nyumba ya wageni, kuanzia Somanga hadi Lindi mjini, nakuomba jioni ya leo uzunguke na tathmini yako mkononi pamoja na mtu mmoja wa kila zamu. Chochote mtakachokikuta ambacho hakimo kwenye karatasi, kiandikeni na mkipe mwenyewe wa kukishughulikia. Namba ya Zimamoto ni 114, na kupiga ni bure.